Hamisa Anakoroga, Hauzi Mkorogo

Mimi si mtu wa kusifia watu ovyo. Ukiniuliza habari za majirani zangu wa hapa Sofu nitakupa ukweli wao, na wengi hawataupenda. Lakini Hamisa Mwinyijuma namsifia akiwepo na asipokuwepo, na asiyetaka kusikia apite njia nyingine.

Tulijuana kwa sababu ya mikono yake. Alihamia hapa Kibaha kutoka Maneromango, kule Kisarawe, baada ya kufiwa na mume, akapanga chumba nyuma ya duka langu na kuanza kufua nguo za watu. Kila akija dukani nilikuwa naona vidole vilivyopasuka, nyufa nyingine zinatoa damu. Ilikuwa kazi ya sabuni ya unga, na sabuni yenyewe alikuwa ananunua kwangu, kwa hiyo nilikuwa naangalia pembeni.

Siku moja akaja akataka siagi. Nikamuuliza, na mkate? Akasema mkate hapana, nipimie siagi tu. Nikampimia. Asubuhi yake alirudi amenuna, shingo imejaa vipele, anajikuna mpaka kisogoni. Alikuwa amejipaka siagi ile ya mkate mikononi na miguuni, akajilaza, na sisimizi wakamfuata kitandani ukoo mzima.

"Fadhila ndiye kaniambia," alisema kwa hasira. "Kaniambia, shangazi, paka siagi."

Fadhila ni binti wa kaka yake, Matano. Wakati huo alikuwa Dar anajifunza ushonaji, na kwenye simu alikuwa amemwambia shangazi yake atafute siagi ya shea. Mtandao ukakata pabaya. Hamisa akapata siagi, shea ikapotelea hewani. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya kreti la soda. Hamisa alinitazama kwa muda, nikadhani sasa nimepoteza mpangaji na mteja kwa pamoja, kisha na yeye akaangua kicheko. Tangu hapo tukawa mashoga.

Fadhila alipokuja likizo alileta siagi yenyewe, kipande kilichofungwa kwenye nailoni, amekinunua Kariakoo. Inatokana na kokwa za mti unaoota huko kaskazini ya Uganda na Afrika Magharibi. Ina rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo, na harufu yake ni ya moshi na karanga. Hamisa alijipaka hivyo hivyo bila kuchanganya na kitu. Mikono ikalainika, ila ilinata kiasi kwamba akishika mlango mlango unamfuata. Mtu mwingine angeshukuru mikono imepona na kuishia hapo. Yeye alinunua kipande kingine na kuanza kukisumbua.

Kwanza alikiyeyusha moja kwa moja jikoni, kikaungua. Akajifunza kuweka sufuria ndani ya sufuria yenye maji, moto mdogo. Akatia mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe, nazi za kwao Maneromango. Akatia nta ya nyuki kidogo ili yasiyeyuke na joto letu hili, akazidisha, yakawa magumu kama mshumaa. Akapunguza. Yakatoka mazuri, lakini yakipoa yanafanya chengachenga, unajipaka unahisi umejipaka mchanga. Hilo lilimtesa kweli. Akaja kugundua kwamba siagi hii ukiiacha ipoe polepole yenyewe inajikusanya vipunje. Lazima uitoe motoni, uikalishe kwenye beseni la maji baridi, na ukoroge. Ukoroge bila kupumzika mpaka ishikane na iwe nyeupe na laini. Nimewahi kumsaidia mara moja. Bega langu liliuma, nikamwambia mimi nitabaki kwenye kuuza.

Basi vikopo vya Hamisa vikaingia dukani kwangu. Mafundi wa ujenzi wa Mbwawa wanavichukua kwa ajili ya visigino na mikono iliyoliwa na saruji. Akina mama wanawapaka watoto wakitoka kuoga. Na kila anayechukua, Hamisa akiwepo, anaambiwa maneno yale yale: haya ni mafuta ya kulainisha, hayatibu kitu, ukiona kipele acha. Nimemgombeza sana kwa hilo. Nani anauza bidhaa yake kwa kuisema vibaya? Hanisikii.

Sasa lililomponza ni neno. Watoto wa mtaani walikuwa wanamwona kila mara barazani na mwiko wake na beseni lake. Akiulizwa mtu Hamisa yuko wapi, jibu ni, anakoroga. Mama yenu yuko wapi? Yuko kwa yule anayekoroga. Na huku kwetu ukitamka mkorogo hakuna anayefikiria uji. Mkorogo ni ile michanganyiko ya krimu na madawa ambayo watu wanajipaka ili wawe weupe, uso unachubuka rangi na vifundo vya vidole vinabaki vyeusi. Neno likatembea kwa miguu yake. Wakaanza kuja wasichana kutoka mbali wanamnong'oneza, "Mama, nipe ule mkali." Wengine, watu wa heshima zao, wakaacha kuja. Hamisa akawa anajibu wote kwa sentensi moja: "Mimi nakoroga, siuzi mkorogo." Wanacheka, wanadhani anatania.

Hayo yote aliyabeba. Mpaka ilipofika harusi ya Fadhila.

Fadhila aliposwa na kijana wa Soga anayeitwa Mudathir, anayefanya kazi pale stesheni ya treni ya umeme. Kwa akina Hamisa, shangazi ndiye anayemsinga mwali. Siku za kabla ya ndoa bibi harusi anawekwa ndani, anasuguliwa mwili mzima kwa singo, yaani liwa, ule mti unaonukia, iliyosagwa na karafuu na mchele na maji ya waridi, halafu anapakwa mafuta, mpaka atoke amelainika na ananukia. Hamisa alisingwa na shangazi yake. Hakujaliwa mtoto, kwa hiyo Fadhila ndiye mwali wake wa kwanza na wa mwisho. Alikuwa ameshaanza kukoroga mafuta ya peke yake kwa ajili ya siku hizo, hata mimi sikuruhusiwa kuchovya kidole.

Ndipo wifi yake akaja. Mwanaamina, mke wa Matano, mama yake Fadhila. Alitoka Maneromango mpaka Sofu, akakaa kwenye chumba cha Hamisa na mimi nipo, nakunywa chai.

"Wifi, wametuma neno kwa mshenga," alisema. "Wanataka mwali atakate."

"Atatakata," Hamisa akajibu. "Si ndiyo kazi ya singo?"

"Usijifanye huelewi. Soga ya siku hizi si ya kuichezea, treni inashuka pale na watu wanaojua mambo. Wanataka mweupe."

"Wamesema hivyo? Wametamka mweupe?"

"Wametamka atakate. Unataka watamke nini zaidi? Mtoto wangu mweusi, wifi, nakiri. Kanifuata mimi. Sitaki aende kwa watu wakamcheke."

Hapo nilimwonea huruma kidogo, kwa sababu sauti yake ilikatika. Lakini haikudumu.

"Mimi dawa hiyo sina," Hamisa alisema.

"Huna! Kibaha nzima inakujua kwa mkorogo. Watu baki unawapa, mtoto wa kaka yako unamnyima?"

Nilitaka kusema neno, chai ikanipalia. Hamisa hakupaza sauti. Akaeleza tena, kwa upole, kwamba ni siagi na nazi na nta, akamfungulia kikopo anuse. Mwanaamina hakunusa. Akatoa mkobani kikopo chake, hakina jina wala karatasi, kimefungwa kwa utepe wa gundi.

"Kama hutaki, ninacho. Na wa kumpaka nimempata. Jumamosi tunaanza. Wewe njoo kama wageni wengine, ukae, ule pilau."

Alipoondoka nilimmwagia matusi ambayo sitayaandika hapa. Hamisa alikaa kwenye kigoda chake na kulia. Nikamwambia achana nao, shangazi ni shangazi tu hata akikaa sebuleni. Akanikatiza.

"Mama Anselmi, kiti changu wachukue. Mimi nalilia uso wa mtoto. Yule akishaungua, nani atamrudishia?"

Akajifuta kwa kanga, akasema kesho anakwenda Soga kumuuliza aliyelisema lile neno alikuwa na maana gani.

Mimi ni Mluguru na Mkristo, lakini nimekaa na watu hawa miaka ya kutosha kujua kwamba hilo halifanyiki. Maneno ya posa yanapita kwa mshenga. Upande wa mwali kupiga hodi kwa wakwe kabla ya ndoa ni kumtembeza binti kama kapu la nyanya. Wangejua Maneromango, kaka yake asingemsemesha tena. Nilimwambia hayo yote. Alinisikiliza, halafu akaniuliza kama nitafunga duka au ataenda peke yake. Nilifunga duka.

Nyumba ya akina Mudathir haina makuu, ya matofali, baraza imefagiliwa vizuri. Mama mwenye nyumba, Bi Zena, alikuwa anamenya mbaazi kwenye ungo.

"Hodi hapa. Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam. Karibuni, karibuni mkeka."

"Shikamoo, dada," Hamisa akasema, maana alikuwa mkubwa kwake.

"Marahaba. Mnatokea wapi?"

"Sofu."

Uso ukakunjika pale pale. "Sofu. Ndiko kwa yule mama wa mkorogo."

Hamisa akamuuliza taratibu, "Unamjua?"

"Simjui na sina haja. Balaa langu ni kwamba ndiye shangazi wa mwali tunayemuoa. Ndiye wa kumsinga! Niliposikia hivyo nilikosa raha kabisa. Nikamtuma mshenga, nikamwambia, waambie mwali atakate. Asiguswe na uchafu ule. Nimkute ametakata, hana dawa hata chembe. Sijui kama wamenielewa."

Neno lile lile ambalo Mwanaamina alilifungia safari, lililomtoa Hamisa kwenye nafasi yake, lilikuwa limetumwa kumkinga Fadhila dhidi ya Hamisa. Nilifungua mdomo nimkaripie huyo mama, na Hamisa akanishika mkono kwa nguvu. Mikono yake laini siku hizi, lakini ina nguvu ya kukoroga.

"Hawajakuelewa, dada," alisema. "Wameelewa unataka mweupe. Jumamosi wanaanza kumpaka. Mimi nimekuja kukuomba uwazuie, kwa sababu mimi sisikilizwi. Shangazi mwenyewe ndiye mimi."

Bi Zena aliweka ungo chini. Akamtazama usoni. Na Hamisa ni mweusi, mweusi wa kwao, ngozi yake inang'aa hata akiwa na huzuni. Mtu akimwangalia vizuri swali la mkorogo linajijibu. Lakini Bi Zena ni mwanamke mgumu, na kwa hilo nilimheshimu.

"Mafuta uliyonayo yako wapi?"

Hamisa akatoa kikopo. Kabla ya kumpa akachota yeye kwanza, akajipaka uso mzima, akajipaka mikono mpaka viwikoni, huku wote tunamwangalia. Bi Zena akanyoosha mkono wake. Akapakwa. Akanusa, akasugua kwa kidole gumba, akanusa tena.

"Sada!" akaita. "Njoo."

Akatoka ndani mwanamke kijana, kanga imefunika uso, macho tu ndiyo yanaonekana. Alikuwa mke wa mtoto mkubwa wa Bi Zena. Akaambiwa afungue, akasita, akafungua. Mashavuni alikuwa na mabaka meusi yaliyokolea, na kati yake ngozi nyembamba, nyekundu, kama ya kidonda kinachoanza kufunga.

"Huyu nilimposa Mlandizi," Bi Zena alisema. "Mweusi, mzuri, nilimpenda mwenyewe. Kwao wakampaka ili atupendeze. Sisi hatukuomba! Sasa jikoni joto linamchoma, juani hakai, na picha za harusi yake amezificha. Nikasema kwa mke wa Mudathir hapana. Hapana kabisa."

Sada alikuwa ameinamisha kichwa. Hamisa akamwita mwanangu, akamwomba mikono, akampaka polepole kidole kwa kidole. Sada akauliza kwa sauti ndogo, je, na usoni?

Hapa ndipo ninapompendea Hamisa. Mtu yeyote mwenye bidhaa, mbele ya mama mkwe anayehitaji kumridhisha, angesema ndiyo. Mimi ningesema ndiyo.

"Usoni sikugusi," alimwambia. "Mpaka uonwe na daktari wa ngozi. Haya yanalainisha tu, mwanangu. Hayarudishi kilichoondoka. Nikikwambia yanarudisha nitakuwa nimekudanganya."

Bi Zena akashusha pumzi. "Mwenye mkorogo angeahidi," alisema, na bila kungoja akachukua simu akampigia mshenga, Mzee Halidi, akaweka sauti kubwa.

"Mzee, neno langu limefika vibaya."

"Limefikaje vibaya? Nilitamka lile lile ulilonituma, sikuongeza, sikupunguza."

"Hiyo ndiyo shida. Sasa peleka hili, na leo hii. Mwali nimkute na rangi aliyozaliwa nayo. Nikimkuta mweupe, sanduku la nguo za mwali linarudi Soga. Na wa kumsinga ni shangazi yake."

Ya safari yetu hakuyataja, na mpaka leo Maneromango wanaamini mama mkwe aliota tu.

Jumamosi tuliingia Maneromango. Mwanaamina alitupokea bila kucheka wala kununa. Kikopo chake sikukiona tena na sikuuliza. Radhi hakuomba, ila kigoda cha kusingia alikuwa amekiweka mwenyewe chumbani, amekifuta, na maji ya moto yalikuwa tayari. Hamisa akasema ahsante, wifi. Mimi ningesema zaidi, lakini sikuulizwa.

Nilikaa mlangoni nikawaangalia. Hamisa alimsugua yule binti mgongo, mikono, mpaka nyayo, liwa ikikauka inadondoka kwenye mkeka, kisha akamfuta na kumpaka yale mafuta aliyoyakoroga peke yake. Alikuwa anaimba chini chini maneno ya kwao ambayo sikuyaelewa yote.

"Shangazi, nilikuwa naogopa," Fadhila alisema.

"Ungesema."

"Mwali anamwambia nani?"

Hamisa akaendelea kusugua, lakini wimbo ulikatika kidogo kabla ya kurudi.

Siku ya mwisho wanawake wa Soga walileta sanduku kwa ngoma na vigelegele. Bi Zena aliingia chumbani, akamkuta Fadhila amekaa, kitambaa cha kichwa kimeshushwa. Akakiinua. Akachukua pindo la kanga yake nyeupe, akamfuta shavu kwa nguvu kama anayefuta sahani, akaliangalia pindo. Halikuwa na kitu. Fadhila alikuwa mweusi kama mama yake na kama shangazi yake, na alikuwa mzuri mno, nilitamani niwe nimezaa binti. Bi Zena akaita kwa sauti ya kusikika mpaka uani, "Shangazi wa mwali yuko wapi? Nimtunze!" Akamfunga doti ya kanga mabegani mbele ya watu wote, vigelegele vikapasua bati. Mwanaamina alikuwa analia, na alipokuja kumkumbatia wifi yake hakuna aliyesikia alichomwambia.

Watu wakatoka kwenda kula. Hamisa akabaki nyuma kukusanya vyombo vyake, amechoka, bega analishika. Nilikuwa namsaidia kukunja mkeka tulipoona mtu amesimama mlangoni. Alikuwa Sada. Usoni alikuwa amepakwa dawa ya hospitali, alikuwa ameanza kutibiwa. Aliangalia kigoda, akaangalia bakuli la liwa.

"Mama," alisema, "mimi sikusingwa. Mimi nilipakwa tu."

Hamisa alikuwa ameshanawa mikono. Akaukunjua mkeka tena, akaongeza maji ya waridi kwenye liwa iliyobaki, akamwambia aketi na ashushe kanga mabegani. Uso hakuugusa. Alianza na mgongo, kwa mzunguko ule ule, na wimbo ule ule, bila kuruka kitu. Sada alifumba macho, machozi yakawa yanamtoka.

Nje walikuwa kwenye pilau, hakuna wa kumshangilia mwali huyu. Nikaona haiwezekani. Mimi vigelegele sijui kupiga, ulimi wangu mzito, lakini nilisimama katikati ya chumba kile nikapiga.